Frankenstein: Kitabu, Sinema, na Kiumbe Aliyenyang'anywa Ulimi



Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya vijana wanne walitujia wakiwa na ubishi. Walikuwa wametazama sinema ya zamani iitwayo Frankenstein. Mmoja alishikilia kwamba Frankenstein ni jina la lile jitu lenye kichwa bapa na vyuma shingoni. Mwenzake alisema sivyo, hilo ni jina la daktari aliyeliunda. Wakatuomba tuamue.

Tuliwaambia kwamba huyo wa pili ndiye aliyepata, ila katika kitabu mwundaji hakuwa daktari. Alikuwa kijana mwanafunzi wa chuo kikuu. Na kiumbe mwenyewe hakupewa jina lo lote. Hapo binti mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Mwalimu, kwa nini hakupewa jina?" Swali hilo lilikuwa jema kuliko ubishi wote. Ndilo lililotufanya tukitoe kitabu kabatini na kukisoma upya tangu mwanzo hata mwisho, kisha tukaitazama na ile sinema ya vijana. Somo letu la mwezi huu limetoka humo.

1. Kitabu kilivyopata kuandikwa

Mtungaji wake ni mwanamke Mwingereza, Mary Shelley, aliyezaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Mama yake, Mary Wollstonecraft, mwandishi aliyetetea haki za wanawake, alifariki siku chache tu baada ya kumzaa. Mary alikua pasipo kumjua mama. Mwezi wa Februari 1815, akiwa na umri wa miaka 17, naye alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku kutimia, na mtoto huyo akafa baada ya majuma mawili hivi. Tuyakumbuke hayo tunaposoma. Aliyeandika habari za kiumbe asiye na mama alikuwa mtu aliyeijua huzuni hiyo kutoka pande zote mbili.

Katikati ya mwaka 1816 alikuwa karibu na mji wa Geneva, nchi ya Uswisi, pamoja na mshairi Percy Shelley, aliyekuja kumwoa mwishoni mwa mwaka huo. Jirani yao alikuwa mshairi mwingine, Lord Byron. Majira ya joto mwaka huo hayakuwa na joto. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwezi wa Aprili 1815, na vumbi lake lilitanda angani likapunguza nguvu za jua hata Ulaya ikapata baridi na mvua nyingi. Wageni wakafungiwa ndani. Walisoma hadithi za mizuka, na Byron akashauri kila mmoja atunge ya kwake. Ya Mary, aliyekuwa na umri wa miaka 18, ndiyo iliyokuja kuwa kitabu hiki.

Kilichapishwa tarehe 1 Januari 1818 katika juzuu tatu, nakala 500, bila jina la mtungaji. Kwa kuwa dibaji iliandikwa na Percy, wako waliodhani kitabu chote ni chake. Jina la Mary lilionekana katika toleo la pili, mwaka 1823. Mwaka 1831 alikirekebisha na kukiongezea utangulizi, na toleo hilo ndilo tulilo nalo wengi.

2. Hadithi yenyewe

Kabla ya kueleza mambo yaliyotokea, hatuna budi kueleza jinsi kitabu kilivyojengwa. Ni mfano wa visanduku vitatu, kimoja ndani ya kingine. Kisanduku cha nje ni barua za Robert Walton, Mwingereza aliye safarini kuitafuta Ncha ya Kaskazini, akimwandikia dada yake. Merikebu yake inapozingirwa na barafu anamwokoa mtu aliyekonda na kukata tamaa. Huyo ni Victor Frankenstein wa Geneva, naye anamsimulia Walton maisha yake. Hicho ndicho kisanduku cha pili. Ndani kabisa, katikati ya kitabu, tunakuta sauti ya kiumbe mwenyewe akijieleza.

Victor alikwenda kusoma Ingolstadt, Ujerumani, akavumbua siri ya kutia uhai katika kitu kisicho na uhai. Siri yenyewe kitabu hakiitoi. Alikusanya viungo vya maiti na vya machinjioni, akaunda mwili wenye urefu wa futi 8, maana viungo vidogo vingemchelewesha. Usiku mmoja wa Novemba, mvua ikipiga madirishani na mshumaa ukikaribia kwisha, kiumbe akafumbua macho.

Victor akakimbia. Alipoiona ngozi ya manjano na macho yaliyofifia, alichukizwa, akaingia chumbani na kujitupa kitandani. Alipozinduka alimwona kiumbe amesimama kando ya kitanda, akitoa sauti isiyoeleweka, mkono mmoja ameunyosha kumwelekea. Victor akakimbia tena, mara hii nje ya nyumba. Siku ya pili alipokuta kiumbe ameondoka alipiga makofi kwa furaha.

Muda ukapita. Mdogo wake Victor, mtoto aitwaye William, akauawa. Msichana wa nyumba yao, Justine Moritz, alishitakiwa kwa sababu picha ndogo aliyokuwa ameivaa mtoto ilikutwa mfukoni mwake. Justine hakuwa na hatia, lakini alikiri, kwa kuwa kasisi aliyemwungamisha alimtisha kwa kutengwa na Kanisa na kwa moto wa Jehanamu mpaka akasema uongo dhidi ya nafsi yake. Victor alimjua mwuaji wa kweli, akanyamaza. Justine akanyongwa.

Ndipo Victor alipokutana na kiumbe juu ya mto wa barafu, katika milima ya Chamonix. Kiumbe alikuwa na ombi moja kabla ya mengine: asikilizwe.

3. Kiumbe anasema

Anasimulia jinsi alivyoamka duniani bila kujua lo lote: nuru ilimchoma macho, baridi ilimtesa, njaa aliihisi asijue dawa yake. Watu wa kijiji walimpiga kwa mawe. Mwishowe akajificha katika kibanda kidogo kilichoungana na nyumba ya maskini watatu: mzee De Lacey, aliyekuwa kipofu, na wanawe Felix na Agatha. Katika ufa wa ukuta aliwatazama miezi mingi. Mwanzo aliiba chakula chao. Alipotambua kwamba nao wanakaa na njaa aliacha kuiba, na usiku akawakatia kuni na kuziacha mlangoni.

Alipoona kwamba sauti wanazotoa vinywani huleta tabasamu au huzuni, akaanza kujifunza neno moja moja. Kisha akaja Safie, mgeni wa Felix asiyejua lugha yao. Felix alipomfundisha Safie, kulikuwa na mwanafunzi wa pili nyuma ya ukuta, asiyejulikana. Baadaye aliokota porini begi lenye vitabu, kimojawapo kikiwa utenzi mkubwa wa Milton juu ya anguko la Adamu. Alikisoma kama habari za kweli. Alijilinganisha na Adamu, akaona kwamba Adamu alitunzwa na kupewa mwenzi. Akajilinganisha na Shetani, akaona kwamba hata huyo alikuwa na wenzake. Yeye hakuwa na mtu.

Siku moja, vijana walipotoka, alijipa moyo akabisha hodi kwa mzee kipofu. Mzee alimkaribisha, akamketisha motoni, akamsikiliza na kumjibu kwa upole. Hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake kusikilizwa bila hofu. Mlango ukafunguliwa. Agatha akazimia, Safie akakimbia, naye Felix akamrukia na kumpiga kwa fimbo. Kiumbe angeweza kumrarua Felix vipande vipande, hakumgusa. Alitoka akalia porini. Jamaa ile ikahama, naye akaichoma nyumba tupu. Siku nyingine alimwokoa msichana aliyezama mtoni, na ujira wake ukawa kupigwa risasi. Ndipo alipomkuta William na kumnyonga.

Baada ya kusimulia alimwomba Victor amwundie mwenzi wa kike, wahamie mbali na watu. Victor alikubali, akaanza kazi katika visiwa vya Orkney, kisha akaghairi na kuiharibu mbele ya macho yake. Kilichofuata ni kisasi: akafa rafiki, akafa bibi arusi usiku wa arusi, akafa baba kwa majonzi. Victor alimfuatia hata kwenye barafu za kaskazini, akafia merikebuni mwa Walton. Aliyemlilia pale kitandani ni kiumbe, kisha akatokomea gizani juu ya barafu, akiahidi kujichoma moto.

4. Jinsi ulimi ulivyonyang'anywa

Watu wengi hudhani sinema ndizo zilizomfanya kiumbe kuwa bubu. Jambo hilo lilianza mapema zaidi. Mwaka 1823, miaka mitano tu baada ya kitabu kutoka, mchezo wa kuigiza uliofuata hadithi hii ulionyeshwa London. Humo kiumbe hakusema neno. Mwigizaji alitumia ishara za mwili tu. Mchezo huo pia ndio ulioleta mtumishi aitwaye Fritz, asiyekuwamo kitabuni. Katika orodha ya waigizaji, mahali pa jina la kiumbe pameachwa wazi. Mary Shelley aliutazama, na pengo lile lilimpendeza.

Sinema ya kwanza ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Edison mwaka 1910, fupi, isiyofika dakika 20. Lakini ile inayojulikana na wote, nayo ndiyo waliyoitazama vijana wetu, ni ya mwaka 1931. Iliongozwa na James Whale, na kiumbe aliigizwa na Boris Karloff. Kichwa bapa na vyuma vya shingoni vimetoka kwa Jack Pierce, aliyempamba Karloff uso; kitabu hakivitaji. Radi na mitambo ya umeme inayotoa cheche ni ya sinema pia.

Tusiidharau sinema hiyo. Karloff hakupewa maneno, lakini alisema mengi kwa mikono. Iko sehemu ambapo paa linafunguliwa, nuru inamwangukia, naye anainua mikono kana kwamba anataka kuishika. Anayeitazama bila kumhurumia ana moyo mgumu.

Pamoja na hayo, mambo mawili yamebadilishwa, na yamebadilisha maana yote.

La kwanza ni ubongo. Katika sinema, Fritz anatumwa kuiba ubongo wa mtu mwema; anaangusha chupa, anachukua badala yake ubongo wa mhalifu. Basi mtazamaji anaambiwa tangu mwanzo kwamba kiumbe huyu atakuwa mwovu kwa sababu ya kichwa alichotiwa. Kitabuni hakuna jambo kama hilo. Kiumbe alianza na upole, akakata kuni za watu usiku, na uovu wake ulikua kidogo kidogo kila alipofukuzwa.

La pili ni mtoto wa majini. Katika kitabu kiumbe anamwokoa msichana mtoni. Katika sinema anacheza na mtoto kando ya ziwa, wakirusha maua yaelee. Maua yakiisha anamrusha mtoto, akidhani naye ataelea, na mtoto anazama. Kipande hicho kiliondolewa katika nakala nyingi, kikarudishwa miaka ya 1980. Twaona jinsi mwokozi alivyogeuzwa kuwa mwuaji, ingawa mwuaji asiyejua atendalo.

Katika sinema ya mwaka 1935, ya Whale na Karloff hao hao, kiumbe anarudishiwa maneno machache, na mwalimu wake ni mzee kipofu anayeishi peke yake msituni. Ile ya Uingereza ya mwaka 1957 ilimnyamazisha tena na kumtazama zaidi Victor. Mwaka 1994 Kenneth Branagh alimpa kiumbe, aliyeigizwa na Robert De Niro, maneno ya kutosha, akairudisha na merikebu barafuni. Na mwaka 2025 Guillermo del Toro alitoa sinema ambayo sehemu yake ya pili inasimuliwa na kiumbe mwenyewe, na mwisho wake mwundaji anaomba radhi naye anasamehewa. Kitabu hakina mwisho wa namna hiyo. Victor anakufa akiamini kwamba katika mambo yaliyopita hana lawama.

5. Kiti cha mzee na mlango wa Felix

Sasa tufikie jambo lenyewe. Kwa nini imewachukua watu wa sinema miaka mingi hivyo kumpa kiumbe ulimi wake?

Twadhani jibu liko katika nyumba ya De Lacey. Mzee kipofu alimsikia kiumbe kabla ya kitu kingine. Felix alimwona kabla ya kusikia lo lote. Nyumba ni moja, saa ni moja, na hukumu zao ni mbali kama mashariki na magharibi. Msomaji wa kitabu ameketishwa katika kiti cha mzee. Uso wa kiumbe hatuuoni. Tunayo sauti yake tu, kurasa nyingi mfululizo, mpaka tunasahau kuogopa. Mtazamaji wa sinema amesimamishwa mlangoni pamoja na Felix. Jambo la kwanza apatalo ni sura, na akisha kushituka, maneno huja yamechelewa.

Lakini tusifanye haraka kupita kiasi. Kumsikiliza mtu si kumhesabia haki. Kiumbe huyu aliua mtoto, na ile picha ndogo aliitia yeye mwenyewe katika nguo za Justine akijua itamponza. Victor anamwonya Walton kwamba ulimi wa kiumbe ni mtamu, ajihadhari. Onyo hilo ni la kweli, na msomaji mwangalifu atalichukua. Mary Shelley anatutaka tumsikie kwanza, kisha tuhukumu, na tunapohukumu tumkumbuke pia yule aliyepiga makofi kwa furaha alipokuta chumba kitupu. Wazee wetu walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Victor alifanya kazi ya kwanza kwa miaka miwili, na ya pili hakuifanya hata kwa saa moja.

Hapa yatupasa tukiri kosa letu. Tulipokuwa tukifundisha darasa la tano tulikuwa na mvulana mwenye kigugumizi. Wenzake walimcheka kila aliposoma kwa sauti. Tukaona ni huruma kumwepusha na aibu: zamu ikifika kwake, tulimwita aliye nyuma yake. Tulifanya hivyo mwaka mzima, tukajiona walimu wema. Miaka mingi baadaye tulikutana naye barabarani, mtu mzima mwenye watoto. Alitupa shikamoo, tukazungumza, kisha akasema bila hasira, akikwama hapa na pale: "Mwalimu, mwaka ule kila jioni nilisoma kifungu changu nyumbani mpaka nikakiweza. Asubuhi ukaniruka." Tulimwomba radhi pale pale. Alicheka, akasema yamepita. Kwetu sisi hayajapita.

Hatukumpiga kwa fimbo kama Felix. Tulimnyang'anya ulimi kwa upole, na matokeo yake hayakuwa mbali na hayo. Kila nyumba ina mtu ambaye zamu yake hurukwa: mtoto wa kambo, mkwe mgeni, mgonjwa wa akili, mzee anayerudia maneno. Na yule binti aliyeuliza habari za jina tulimjibu kwa kifupi tu siku ile. Jibu kamili ni hili: kumpa mtu jina ni kukubali kwamba utamwita, na ukimwita ataitika, na akiitika itakubidi umsikilize. Victor hakutaka kufika huko.

6. Maswali ya kujadiliana katika vikundi

(a) Victor alinyamaza Justine alipohukumiwa. Je, kunyamaza kwake kulikuwa woga, aibu, au majivuno? Toeni sababu.

(b) Yule kasisi alitaka kuokoa roho ya Justine, akamfanya aseme uongo. Tufanyeje ili mtu apate kusema kweli mbele yetu bila hofu?

(c) Je, Victor alifanya vema kuharibu mwenzi aliyeahidi? Angalieni pande zote mbili kabla ya kujibu.

(d) Kiumbe aliteswa, naye akatesa wasio na hatia. Mateso yake yanapunguza hatia yake kwa kadiri gani?

(e) Taja mtu mmoja nyumbani mwako ambaye zamu yake hurukwa. Swali hili msilijibu kwa sauti. Kila mtu aende nalo nyumbani.

Anayesoma Kiingereza na hana nafasi ya kusoma kitabu chote, aanze na sura ya 11 hadi ya 16 katika toleo la 1831, mahali kiumbe anapojisimulia. Asiyesoma Kiingereza amwombe kijana wake amsimulie jioni baada ya chakula. Na vijana mnaotaka kutazama sinema, itazameni, ila someni sura hizo kwanza. Ketini kwanza katika kiti cha mzee, ndipo mwende mlangoni.